Feni Nne na Mgeni Aliyeulizia Kiti

Visa vya majini vingi ni vya usiku wa manane, barabara tupu, mwanamke kasimama peke yake. Changu kilitokea saa saba mchana, Kariakoo, siku ya Ijumaa, nikiwa nimevaa kaptula na nimeshiba wali. Sikuwa nimelewa, maana sinywi. Sikuwa usingizini pia. Kama wewe ni mtu wa kucheka, cheka kabisa sasa hivi umalize, kisha unisikilize, kwa sababu niliyaona kwa macho yangu haya mawili na ushahidi uko sebuleni kwangu mpaka leo.

Kwanza nikueleze habari za kabati, na nikilieleza nitajisifu. Nivumilie.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Kazi yangu ni kufufua mashine ambazo wenyewe wameshazikatia tamaa, na zile zisizofufuka nazichinja na kutoa vipuri. Nyumbani ni Machame, Kilimanjaro. Mtu aliyekulia kwenye migomba ukimpandisha ghorofa ya nne Kariakoo, asione hata jani moja la kijani, roho inamkauka. Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani, jua nalisikia kwa watu. Basi nikachukua kabati la nguo la mbao, la zamani, nikatoa rafu, nikabandika ndani karatasi ya kung'aa ile ya kufungia chakula, nikafunga taa nyeupe za mkanda, nikapanga makopo ya udongo. Nikaotesha nanaa, giligilani na mchicha. Ndani ya kabati, bwana! Nani mwingine mtaani kwetu alikuwa na shamba lenye bawaba?

Lakini wiki ya kwanza miche yote ilioza. Joto la taa na unyevu wa udongo, mlango umefungwa, hewa haitembei. Ukungu mweupe ukatambaa kila kopo. Hapo ndipo nikakumbuka boksi langu la feni. Feni ya kompyuta ni kitu kidogo, upana wa kiganja, lakini imetengenezwa kuzunguka mchana na usiku bila kulalamika. Nikachagua nne nzima, nikazisafisha vumbi, nikazitia tone la mafuta, nikazipa umeme kwa adapta ya king'amuzi kilichokufa. Nikatoboa matundu. Mwanzoni nilizielekeza zote nne kuingiza hewa, zikawa zinagombana, ukungu ukarudi. Ndipo nilipoiona mishale midogo ubavuni, inayoonyesha upepo unakwenda wapi. Nikageuza mbili. Za chini zinaingiza hewa baridi, za juu zinatoa ya moto. Siku ya tatu miche ilisimama wima kama askari wa gwaride. Niliita mke wangu, nikaita majirani, nikaita hata muuza maji. Nikachukua kalamu nene nikaandika mlangoni mwa kabati: USIFUNGUE. MICHE INAPUNGA UPEPO. Yaani kama watu wanavyokwenda Kivukoni jioni kupunga upepo wa bahari. Nililipenda sana neno hilo.

Majirani walidhani nalima bangi. Mjumbe wa mtaa alipanda ngazi zote akihema, akakagua kopo moja moja, akashuka na fungu la nanaa kwapani. Tangu siku hiyo sifa zangu zikaenea.

Sasa sikiliza vizuri. Ghorofa ya tatu, chini yetu, alihamia bibi mmoja anaitwa Bi Saumu, mzaliwa wa Kilwa. Nyumba yake ya Jangwani ilichukuliwa na mafuriko, mwanawe akamleta aishi naye pamoja na wajukuu. Siku moja akapanda kwangu na glasi ya maji, ndani yake kijiti kimoja cha mrehani chenye majani manne.

"Shikamoo, Bi Saumu."

"Marahaba, Baba Neema. Nimesikia wewe ni fundi wa kuotesha." Akaiweka glasi mezani taratibu. "Mti huu aliupanda mama yangu mlangoni kwetu. Tuliporudi kuchambua matope nilivunja vijiti vitatu. Viwili vimeshaoza dirishani. Huu ukifa, baba, sina kingine cha nyumba ile."

Ungekuwa wewe ungemjibu nini? Nilimwambia mrehani wake utaota, na usipoota navunja kabati. Nikaapa mbele ya mke wangu, ambaye alinikata jicho kwa sababu ananijua.

Siku ya tisa, Ijumaa, umeme ukakatika tangu saa nne asubuhi. Ghorofa ya nne chini ya bati, mwenyewe unajua. Saa saba kabati lilikuwa linafuka kama sufuria. Nikafungua mlango wake wazi, haikusaidia, maana hata sebuleni hewa ilikuwa imesimama. Kijiti cha Bi Saumu kilikuwa kimelaza majani, na chini ya shina niliona rangi nyeusi ikianza. Shina likishakuwa jeusi halirudi, nilishazika mengi. Nikashika kifuniko cha boksi nikaanza kupepea. Nilipepea mpaka bega likaungua. Wanaume wa jengo walikuwa wameenda kuswali, mke wangu alikuwa sokoni, ngazi zote kimya. Niliogopa, nakwambia kweli. Nilimuonea huruma bibi yule na nilijionea aibu mimi.

"Hodi."

"Karibu," nikasema bila kuacha kupepea.

Akaingia mwanamke wa makamo, amejifunga na kujitanda kanga za kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Uso wa kawaida kabisa. Usitegemee nikwambie habari za kwato za punda, sikuziona, na sikuangalia miguu ya mke wa mtu.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, mama."

"Nimeambiwa unapunga."

Nikatabasamu mpaka gego la mwisho. Sifa zimevuka mtaa! "Napunga, mama. Usiku na mchana. Leo tu umeme umeniangusha."

"Kwa ngoma?"

Hilo nalo halikunishangaza. Niliwahi kuona kwenye simu kwamba mimea ikipigiwa muziki inakua upesi, nikajua na yeye ameona. "Ngoma za nini? Hayo mambo ya zamani. Mimi natumia feni."

"Feni," akarudia polepole, kama mtu anayeonja chakula cha kabila jingine. Akalitazama kabati, akalizunguka, akagusa tundu moja moja. Nikamweleza zote nne, ipi inaingiza, ipi inatoa, na habari ya mishale. Alisikiliza vizuri kuliko mjumbe. Nikaona aibu mgeni kusimama.

"Karibu kiti."

"Kiti ni nani?"

Mimi ni Mchaga. Miaka yote niliyokaa Bongo watu wa pwani wananicheka Kiswahili changu, wananiiga wakipita dukani kwangu. Leo nimepata na mimi wa kumsahihisha! "Mama," nikasema, "kiti hakiulizwi nani, kinaulizwa kipi. Unasema, kiti ni kipi?"

Hakucheka. "Kiti ni nani, fundi? Nimechoka kusimama tangu maji yale."

Nikadhani amebeba ndoo za maji ngazini. Nikatupa jicho kwenye kigoda changu cha pekee. Juu yake palikuwa na kompyuta niliyoifungua, skrubu zimetapakaa, nikizihamisha sizipati tena. Basi nikafanya utani. Nikalipiga kofi kabati: "Haya, kiti ni huyu hapa! Kwangu mgeni wa heshima anakaa kabatini."

"Umemtoa mwenyewe?"

"Nimemtoa."

"Kwa moyo mmoja?"

"Kwa moyo mmoja, mama, karibu sana."

Ndipo nikaona ncha za kanga yake zinapeperuka. Zilikuwa zinapeperuka tangu alipoingia, ila akili yangu ilishazoea feni, ikaona ni kawaida. Nikakumbuka umeme hakuna. Nikakumbuka na mkono wangu umeacha kupepea muda mrefu. Vinyweleo vya mikono vikanisimama, na kabla sijafungua mdomo, feni ya chini kushoto ikazunguka. Ikafuata ya kulia. Zikafuata mbili za juu.

Haki ya Mungu, nilifanya alichotakiwa kufanya fundi. Niliangalia taa ya adapta, imezimika. Nikachomoa waya ukutani. Feni zinazunguka. Nikakata waya wenyewe kwa koleo, nikabaki na kipande mkononi, feni zinazunguka tena kwa mwendo ambao volti kumi na mbili haziwezi kuutoa. Nilipoinua kichwa mgeni hayupo. Mlango uko wazi vilevile, na chumba kizima kinanukia mrehani, harufu ya mti mzima uliochanua, wakati mimi nilikuwa na majani manne.

Nilishuka ngazi mbiombio. Bi Saumu alikuwa amekaa kwenye ngazi za ghorofa yake, anasuka ukili wa mkeka.

"Bi Saumu, amepita mwanamke hapa? Kanga za kisutu?"

Mikono yake ikasimama. "Nimekaa hapa tangu adhana. Hajapita mtu." Akanitazama. "Alikuuliza nini?"

Nikamsimulia. Nilipofika kwenye "kiti ni nani" alinishika mkono kwa nguvu.

"Ukamjibu nini? Baba Neema, ukamjibu nini?"

"Nikasema kiti ni kabati."

Akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, kisha machozi yakamtoka huku anacheka. Ndipo aliponifungua macho, mimi mtu wa mlimani nisiyejua kitu. Kumbe kwa watu wa pwani kupunga si upepo peke yake. Kuna kupunga pepo, na anayempunga pepo naye huitwa fundi. Na kiti, ndugu yangu, kiti ni mtu. Ni yule ambaye pepo anamkalia kichwani, na akishamkalia hashuki, anarithiwa ndani ya ukoo.

"Alikuwa wa mama yangu," Bi Saumu akasema. "Akikaa pale mlangoni, kwenye mrehani. Tangu maji yachukue nyumba, sijalala. Nilikuwa nangoja nione atamchagua mjukuu wangu yupi. Mimi ameshaniona mzee, hanitaki." Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Mama alipigiwa ngoma siku saba, akachinjiwa mbuzi, ndipo pepo akatulia. Wewe Mchaga umempa kabati!"

"Na ningesema kaa popote?"

"Popote palikuwa na nani mwingine mle ndani, baba?"

Mle ndani nilikuwa mimi tu. Nilikaa pale pale kwenye ngazi, kando yake.

Mrehani uliota. Weusi wa shina ulirudi nyuma, kitu ambacho hakuna mkulima atakayekuamini ukimwambia, na leo ni kichaka. Bi Saumu amechukua makopo mawili, ameyaweka mlangoni kwake, na wajukuu wake wote wazima wanasoma. Ukipita ngazini asubuhi utamsikia akiimba. Hilo ni langu. Nimefufua kompyuta ngapi sijui, lakini niulize kazi ninayojivunia, nitakuonyesha bibi yule anayeimba.

Mke wangu alileta watu wa maombi. Waliomba vizuri, kwa sauti, na feni zikaendelea. Mwishowe akasema kama kitu hicho hakigusi sufuria zake, basi kikae na aliyekikaribisha. Nimekizoea. Sifungui kabati bila kupiga hodi, mtu mzima na ndevu zangu, ndani ya nyumba yangu. Siku niliyosahau, feni zote nne zilisimama, nikaomba radhi, zikarudi. Ijumaa nanyunyiza marashi. Umeme ukikatika jengo zima, wateja wangu wanakuja kukaa kwangu kupata hewa, na mimi najifanya nina betri.

Ila feni huchakaa, ziwe na umeme au zisiwe nao. Vyuma vyake vinalika, zinaanza kupiga kelele, zinalegea. Kila ninaposikia mlio nabadilisha moja upesi, sibadilishi mbili kwa pamoja, maana sijui siku mgeni yule atakapokosa upepo atasimama kwa nani kuuliza tena. Kila kompyuta mbovu inayofika dukani natoa feni kwanza. Na jioni, nikitoka kazini, nimeanza kumfundisha binti yangu Neema namna ya kuzifunga. Ana mkono mzuri, ni mwepesi kuliko mimi, nami najivuna nikimtazama. Hajaniuliza kwa nini anafundishwa, na mimi sijamwambia.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayependa utani na wageni. Mtu akikubishia hodi mchana kweupe na kukuuliza kiti ni nani, usikimbilie kumsahihisha. Muulize kwanza anakwenda kukaa siku ngapi. Mimi nilidhani natoa kabati.