Mama Mkubwa na Mionzi

Mpaka leo nikikutana na mama mkubwa namwamkia kwa sababu nililelewa kwa adabu, si kwa sababu nampenda. Shikamoo yangu kwake hutoka kavu, naye anajua.

Ni dada yake mama. Walikuwa wakiishi pamoja Mlingotini mama alipougua saratani ya mlango wa kizazi. Madaktari wa Dar walimpangia mionzi, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kadhaa. Siku za kazi alilala kwa jamaa mjini, mwisho wa wiki akirudi nyumbani. Daktari alisema mbele yangu kwamba asikatishe. Akikatisha, ugonjwa utarudi.

Wiki ya kwanza mama mkubwa alimsindikiza. Aliona wahudumu wakimlaza mama chini ya mashine, kisha wakatoka wote na kufunga mlango mzito. Hilo lilimtosha. Jumamosi, wanawake wa nyumba tulipokaa mkekani kula kwenye sinia moja, mama aliwekewa sahani yake ya plastiki kule jikoni. Wajukuu wakakatazwa kupakatwa naye.

Kwetu hata mwenye homa hula sinia moja na wenzake. Ukimtoa mtu kwenye sinia umemwambia si mwenzenu.

"Wenyewe wanamkimbia," mama mkubwa aliniambia. "Sisi tuna nini cha kutukinga?"

Mimi nafundisha fizikia sekondari, Bagamoyo. Nilimweleza, mwanzoni kwa adabu. Mionzi hii hung'oa elektroni kwenye atomu, ndiyo maana hudhuru seli, na seli za saratani ndizo zinazolengwa. Iko ya aina kadhaa: alfa huzuiwa na karatasi tu. Beta huzuiwa na kipande chembamba cha alumini. Gama na eksirei hupenya mwili, hivyo hukingwa kwa madini ya risasi au ukuta mnene wa zege. Wahudumu hutoka kwa sababu wao wako pale kila siku, mgonjwa baada ya mgonjwa. Mashine ya mama ikishazimwa, mionzi imekwisha, kama mwanga wa taa. Hakuna kinachobaki mwilini. Wapo wanaonyweshwa dawa yenye mionzi na kutengwa siku chache, lakini mama hakuwa mmoja wao. Tena mionzi kidogo tunaipata kila siku, kutoka angani, ardhini, kwenye mawe, hata kwenye ndizi na mihogo.

"Kumbe mihogo yangu ina sumu!" Akacheka, akawageukia wenzake. "Mwalimu kasoma mpaka kapitiliza."

Nilipandwa na hasira. Kila Jumamosi nikawa nakwenda Mlingotini kubishana. Nilichora mchangani, nikaleta kitabu, nikamwita mjinga mbele ya wakwe zake. Nilinywea kikombe cha mama makusudi huku nikimkazia macho. Mama alitazama chini. Siku moja alisema, "Mwanangu, acha," nikadhani ananihurumia mimi.

Zikiwa zimebaki wiki mbili amalize, Jumatatu ilifika na hakupanda basi. Idd ya kuchinja ilikuwa Jumatano.

"Nimemwambia dada nimeacha," mama aliniambia. "Nimechoka kula peke yangu kama paka."

Siku ya Idd alikaa kwenye sinia, wajukuu mapajani, mama mkubwa akimsogezea minofu. Alikula akashiba, akacheka. Nilimsihi arudi hospitali, daktari naye akampigia simu. Akagoma.

Ugonjwa ulirudi kama tulivyoambiwa. Msibani, mama mkubwa aliwaeleza waombolezaji kwamba mionzi ndiyo iliyomuua mdogo wake. Nilitaka kumrukia. Bado nataka.

Ila wiki zile zote nilikuwa na vyumba viwili vya kupanga Bagamoyo, mwendo mfupi tu kutoka pale. Mama angeishi na mimi, tungekula pamoja, na Jumatatu ningempandisha basi mwenyewe. Haikunijia akilini hata mara moja kumchukua. Nilikuwa nashughulika kushinda mabishano.