Mzeituni wa Fausta kwenye Sufuria

Fausta wa Endagikot alizaliwa na kinyaa kama wengine wanavyozaliwa na kigugumizi. Akitembelea watu, kikombe cha chai hukisuuza mwenyewe, eti anasaidia vyombo. Akiona mtu anapenga kamasi kwa vidole, siku hiyo hali. Na mtu wa namna hiyo akazaliwa kwenye nchi ambako mavi ya ng'ombe hubebwa mgongoni kutoka zizini hadi shambani! Utoto wake wote ulinuka, na hajausamehe.

Ndiyo maana video ya bonsai aliyoiona kwenye simu ilimkaa moyoni. Mti wa porini umefugwa kwenye sahani ukabaki mdogo, unakaa mezani, chini yake kokoto safi. Kilimo kisicho na mavi! Tena msemaji alisema anayeanza hana haja ya kununua kitu.

Mti wenyewe alikuwa anaujua. Maretadu, kwenye shamba la marehemu baba yake, kando ya njia ya mifugo, palikuwa na mzeituni pori ambao mbuzi waliutafuna kila walipopita. Miaka thelathini ulitaka kurefuka, miaka thelathini mbuzi wakaurudisha chini. Shina lilinenepa na kujikunja, majani yakabaki madogo. Sasa kaka zake walikuwa wameuza shamba, na mnunuzi alikuwa analeta trekta. Baba hakuacha hata picha.

"Dada, uokoe huo mti tu," Getruda, mdogo wake aliyeolewa Dongobesh, alilia kwenye simu. "Baba alikuwa anatundika koti pale akilima."

Fausta akauchimba. Sufuria kuukuu akalitoboa matundu kwa msumari, kokoto akazipitisha kwenye chekeche, waya wa kukunjia matawi akauchomoa kwenye redio iliyokufa. Kisha akaitazama mizizi.

Loo! Udongo ulinuka mkojo wa mbuzi wa miaka na miaka. Vinyesi vilikuwa vimeshindiliwa katikati, nyuzi nyeupe za ukungu zimeizunguka mizizi, na funza mnene anajinyonganyonga humo. Fausta alitapika. Halafu akafanya alichokijua: beseni, maji ya uvuguvugu, sabuni ya unga na brashi ya viatu. Alisugua mzizi mmoja mmoja, na ile midogo kama nywele ikaondoka na povu. Akasuuza mara tatu, akaupanda kwenye kokoto tupu, akauweka mezani.

Mama mkwe wake, Natalia, aliutazama akatema mate kando, jambo ambalo nalo lilimchefua Fausta.

"Umeuosha kama mtoto wa ubatizo," alisema. "Mti unakula huo huo uchafu. Mchagua jembe si mkulima, mwanangu."

"Mama, yaani tule meza moja na mkojo wa mbuzi?"

Wiki ya pili majani yalianza kujikunja. Ya nne yakaanza kuanguka. Natalia akaleta udongo wa zizini kwenye ungo: "Weka hata kiganja kimoja." Fausta alinyoosha mkono, harufu ikampanda, akaurudisha. Kesho, alijiambia. Kesho ikawa wiki nzima. Alipouweka hatimaye, kwa kijiko, pua imefungwa kitambaa, alikwaruza gome la shina kwa ukucha atafute ubichi, akaona kahawia. Akakwaruza chini zaidi. Kahawia mpaka mzizini.

Jumapili Getruda akafika, amebeba kitambaa alichokifuma mwenyewe cha kutandika chini ya mti wa baba.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Getruda alisimama mbele ya sufuria. Hakukikunjua kile kitambaa.

"Ni nini kimeuua?"

Majirani Fausta alikuwa ameshawaambia ni ugonjwa, na neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mbele ya mdogo wake uongo ule ulimtia kichefuchefu kuliko mavi yote aliyowahi kubeba. Alijionea kinyaa mwenyewe, tangu kucha zake nyeupe hadi moyoni.

"Mbuzi waliutafuna miaka thelathini, ukaishi," alisema. "Mimi nimeuosha mara moja."