Kanga ya Mwoshaji

Nilipotia saini ile karatasi, herufi ya kwanza ilipinda. Karatasi ilisema kwamba hakuna mwanachama wa taasisi yetu anayepata chochote kutokana na kazi za taasisi. Karani akagonga muhuri bila kuniangalia. Nikatoka pale Posta natembea haraka haraka, kama mtu aliyechomoa kitu cha watu. Nilijua nimeandika uongo. Uongo wenyewe ulikuwa umekunjwa vizuri kabatini kwetu Kariakoo, na ufunguo wa kabati nilikuwa nao mimi.

Sisi ni wanawake saba, tunaosha maiti. Si maiti wa majumbani, hao wana watu wao. Tunaosha wanawake waliofia gesti, hospitalini, wengine kwenye mabaraza ya maduka, ambao ndugu zao hawakupatikana. Kazi hii aliianzisha mama yangu mkubwa, miaka ambayo mimi nilikuwa hata chumba chenye maiti sikisogelei. Bafta ya sanda tulikuwa tunapewa bure na mzee mmoja wa Kiarabu mwenye duka la vitambaa mtaa wa nyuma. Mzee akachoka, duka likashikwa na wanawe, na wanawe wana mhasibu. Mhasibu akasema msaada utaendelea, ila kwa taasisi iliyosajiliwa, tena yenye barua ya watu wa kodi inayoitambua kuwa ni ya hisani na imesamehewa kodi. Tukapewa muda mpaka Ramadhani. Bila barua, hakuna bafta, na wale wanawake wangekwenda kaburini na shuka la hospitali.

Mimi ndiye pekee kati yetu nisiyeogopa kompyuta, kwa hiyo nikawa katibu. Katiba tukaandika, usajili tukaupata baada ya njoo kesho nyingi mno. Kumbe usajili ni kitu kimoja na msamaha wa kodi ni kingine, una fomu zake na hofu yake. Kila swali kwenye zile fomu nililiona limewekwa ili kuninasa.

Lililoninyima usingizi ni jambo la kanga. Kwetu, mwoshaji akimaliza kazi, wafiwa humpa kanga. Mama mkubwa anaamini kabisa kwamba bila hiyo, marehemu anaondoka bila kushukuru. Sasa maiti wetu hawana wafiwa. Basi aliyeosha, wenzake humnunulia kanga na kumkabidhi kwa niaba ya marehemu, na zinazonunuliwa mapema zinakaa kabatini zinasubiri maiti ajaye. Lakini karatasi haikuuliza nani ananunua. Iliuliza nani anapata, na tunaopata ni sisi. Ningeweza kueleza. Niliogopa tu, nikaona rahisi ni kuandika kwamba hakuna.

Wiki mbili baadaye nikapigiwa simu. Afisa wa kodi atakuja kutuona Alhamisi. Nikawakusanya wenzangu, nikawaambia akiuliza, hatupati kitu. Wakaitikia huku wanatazama sakafu. Mama mkubwa alikuwa anapima bafta kwa mkono na hakunijibu, nami sikuthubutu kumlazimisha. Kabati nikalifunga.

Afisa alikuwa kijana, shati limechomekewa, faili kwapani. Akamwamkia mama mkubwa, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Akakagua chumba, akasoma katiba, akauliza ndoo ni za nini na karafuu maiti ni za nini. Nikaanza kupumua. Halafu akanyoosha kalamu. "Na humo kabatini?"

"Vyombo tu," nikasema.

"Kanga," akasema mama mkubwa. "Mfungulie mgeni."

Ufunguo ulinidondoka mara mbili. Mlango ulipofunguka zilionekana zote, mpya, lebo bado zimebandikwa. Afisa akaniuliza kama ni za biashara. Mama mkubwa akanitangulia kujibu, "Za waoshaji. Kila anayeosha anapewa moja."

Yule kijana akafungua faili, akatoa karatasi yangu. Niliiona ile herufi iliyopinda. "Dada, hapa umeandika hakuna anayepata chochote."

Nikajiona niko gerezani Segerea. Nikawaza wanangu watakula kwa nani, nikawaza bafta.

"Nani anazinunua?" akauliza.

"Sisi wenyewe," akasema mama mkubwa. "Anayeosha leo hanunui, wananunua wenzake. Wale hawana mtu, mwanangu. Nani awasemee asante?"

Afisa akanigeukia. "Kwa nini hukuandika hivyo?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Akanirudishia karatasi. "Andika upya, andika kama alivyosema bibi. Hii ukiniachia, naikataa."

Alipoondoka hasira zikanipanda, maana hofu ikinitoka hutoka kama hasira. Nikamwambia mama mkubwa alitaka kunifungisha kwa ajili ya kanga. Yeye alikuwa anazikunja kanga.

"Dada yako alifia Tunduma," akasema. "Tulifika wameshamzika. Nani alimwosha?"

"Sijui."

"Na huyo mwoshaji alipewa nini?"

Dada alikwenda huko mpakani kuchukua mzigo wa biashara, akaugua njiani. Siku ile pale Tunduma kulikuwa na wanawake wamekaa uani, mmoja wao bila shaka ndiye aliyemwosha. Niliwapita. Niliogopa kumjua mtu aliyemshika dada yangu akiwa amekufa, niliogopa hata kuiona mikono yake.

Nikaandika upya, siku hiyohiyo, kama alivyosema. Barua ikatoka kabla ya Ramadhani na bafta inakuja mpaka leo, ingawa namba nisiyoijua ikinipigia bado naiacha ilie mpaka ikatike. Kila mwaka naandika orodha ya vilivyomo kabatini, naandika ukweli. Kuna doti moja tu nisiyoiandika. Niliinunua jioni ile ile aliyokuja afisa, haijakatwa, iko chini ya zote. Afisa akija akaiona, ataniuliza ni ya nani, na mimi kule Tunduma jina la mwenyewe sikuuliza.