Mkate Nilioupika Jikoni kwa Mama Mkwe

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ni ya miaka ya sabini, na hata leo nikiikumbuka natazama chini. Nakusimulia kwa sababu nimesikia mwezi ujao unapanda Mbooni kupeleka mbuzi kwa wakwe zako, na nimesikia pia kwamba umesomea upishi. Mambo hayo mawili yakikutana bila adabu, mimi ndiye ninayejua mwisho wake.

Nilikuwa mpishi katika hoteli moja ya Emali, pale magari ya Mombasa yalipopumzika. Usicheke neno hoteli. Ilikuwa mabati na meza ndefu, lakini dunia nzima ilipita pale ikiwa na njaa. Madereva wa Kisomali walitaka anjera, ile ya kumiminwa kwa mzunguko na kuiva upande mmoja tu. Mhindi mwenye duka la jirani alitufundisha dosa, ya mchele na dengu zilizosagwa zikalala mpaka zikachacha. Na mpishi wetu mkuu, mzee aliyewahi kupikia Wazungu, alinionyesha krampeti za Waingereza: unga wa ngano wenye hamira, unaumimina ndani ya pete ya bati juu ya kikaango, moto wa pole, wala hugusi mpaka matundu yafunguke juu na kukauka. Matundu hayo ndiyo yanayokunywa siagi. Nilivijua vyote hivyo, na kichwa changu kikavimba kuliko hamira yenyewe.

Ndipo tukaenda Mbooni kumposa Mwende, huyu huyu anayekuchemshia chai ukija hapa. Nilikuwa na baba mdogo, aliyenilea baada ya baba kufariki, pamoja na wazee wawili na mbuzi. Unajua kwetu Ukambani mtu na mama mkwe wake wana nthoni, ile aibu ya heshima. Humtazami usoni. Mkikutana kwenye kijia, mmoja anaingia vichakani. Na kubwa kuliko yote, hakuna anayemwona mwenzake akila. Jikoni kwake si pako. Baba mdogo alinikumbusha haya tangu tulipoanza kupanda mlima, nami nikiitikia ndiyo, ndiyo, akili ikiwa Emali.

Tulipoketi tuliletewa chai na mikate ya wimbi. Ilikuwa myeusi kidogo, michachu, laini chini na yenye matundu juu. Nikashangaa: ndugu wa krampeti huyu, huku milimani, bila pete wala siagi. Badala ya kufurahi kwamba hata sisi tuna mkate wa ukoo ule, nikaanza kuukosoa. Nikasema mbele ya wenyeji kwamba moto ulikuwa mkali, kwamba mkate umeungua pembeni, na kwamba mimi ningeweza kuwaonyesha.

"Kula, kijana," baba mdogo akaninong'oneza. "Hatukuja kupika."

Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Mimi yangu niliyatoa yote mawili. Niliaga kana kwamba naenda msalani, nikazunguka nyumba, nikaingia jikoni.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda, leso imemteremka mabegani, akila. Alikuwa amejiwekea ule mkate wa kwanza, unaoharibika kwa sababu kikaango hakijashika moto sawasawa, ule ambao mama wa kila nyumba hula mwenyewe ili wageni wapate mizuri. Tonge lilikuwa mdomoni. Aliniona, nami nikamwona. Alijifunika leso kichwa kizima akageukia ukuta, na tonge lile hakulimeza wala hakulitema.

Mwende, aliyekuwa akimimina unga, alisema kwa sauti ndogo, "Toka. Tafadhali, toka nje."

Ningetoka hapo hapo ningesamehewa, maana kujikwaa si kuanguka. Lakini nilichukua upawa mkononi mwake. Nikapunguza kuni, nikamimina, nikasubiri, huku nikimweleza mama wa watu aliyegeukia ukuta jinsi Waingereza wanavyofanya. "Mwaitu," nikamwambia, ndivyo tunavyomwita mama, "tazama matundu haya." Nilimwambia atazame! Kuna maneno, mwanangu, ambayo ningekata kidole ili nisiwe nimeyasema.

Na mkate ulitoka mzuri kuliko wowote niliowahi kupika. Niliuweka kwenye sahani karibu na miguu yake. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Habari zilifika kwa wazee kabla yangu. Baba yake Mwende hakugomba. "Chukueni mbuzi wenu mrudi," alisema. "Mama wa nyumba hawezi kutoka jikoni huyu akiwa hapa. Na yeye asipotoka, hakuna binti wa kutolewa." Mwende alikuwa amesimama mlangoni na upawa wake, na hakunitazama.

Tuliteremka Mbooni na mbuzi wetu, watu wakituangalia kutoka mashambani, kwa kuwa mbuzi wa posa hawarudi bila sababu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tulipofika barabarani baba mdogo alinigeukia. "Umejifunza mikate ya dunia yote," akasema, "mlango wa jikoni hukujifunza." Kisha akanipokonya kamba ya mbuzi niliyekuwa nikimvuta, akamvuta mwenyewe mpaka nyumbani.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini wazee wetu hawakuchoka. Walikwenda na kurudi, mvua zikapita na nyingine zikaja, akatolewa mbuzi wa kuondoa aibu na blanketi la mama, ndipo nikapewa Mwende. Siku ya blanketi mimi nilisimama nje ya boma. Mama alilipokea. Lakini kila alipotutembelea hapa Kilungu nilijua kwamba hatagusa chakula mpaka nitoke, basi nilikuwa natoka mapema, nazunguka shambani bila kazi yoyote, nikimpa muda wa kula kwa amani.

Miaka ya tisini, alipokuwa mgonjwa na mzee sana, tulimleta akae kwetu. Alasiri moja Mwende alichelewa kanisani. Nikapika mkate wa wimbi, nikaulowesha kwenye maziwa, nikasimama nje ya mlango wa mama nikakohoa.

"Ni nani?"

"Ni mimi, mwaitu. Nimeweka chakula hapa mlangoni. Mwende akija atakulisha."

Akasema, "Ingia tu, mwanangu. Nina njaa."

Niliingia nimeinamisha kichwa, nikamlisha bila kumtazama. Alipomaliza akajifuta mdomo kwa leso. "Ule mkate wa siku ile niliula," akasema. "Mlipoondoka, niliula wote. Ulikuwa mtamu. Ningekuomba unifundishe, kama ungepiga hodi."

Aibu yangu ilianza upya siku hiyo. Miaka yote nilidhani aliuchukia mkate ule pamoja na mimi. Kumbe alitamani kujua, na mimi ndiye niliyemfungia mlango.

Basi sikia, mwanangu. Nenda Mbooni na elimu yako yote, lakini uiache nje ya mlango mpaka uulizwe. Kila mkate una mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kuula hata ukiungua pembeni. Ukipewa, kula, ushukuru. Ukijua zaidi, ngoja, kwa sababu ujuzi si kama unga uliokorogwa, hauharibiki kwa kulala. Na mbele ya mlango wowote, hata wa mtu unayemzidi, kohoa, piga hodi, usubiri sauti yake.

Mungu akutangulie kwenye mlima ule. Mbuzi wako wapokelewe, na mama wa nyumba ile asigeukie ukuta kwa ajili yako hata siku moja. Nenda na baraka zangu, na za yule aliyekula mkate wangu akiwa peke yake.