Sonara Aliyeshusha Bei

Mwaka mmoja kabla ya kuchumbia nilinunua redio kwa bei ya kutupa, nikaipeleka ofisini kwetu Kigobe. Mwenzangu mmoja, ambaye nyumba yake iliporwa alipokimbia mapigano, aliigeuza, akafungua kifuniko cha betri, akatuonesha jina la mwanawe lililochorwa kwa msumari. Aliondoka nayo. Vita vilikuwa vimeijaza Bujumbura vitu vya namna hiyo: milango, mabati, friji, vyote kwa bei ya kuchekesha, na kila kimoja kilikuwa na mwenyewe mahali fulani. Tangu siku hiyo mtu akinipunguzia bei kabla sijamwomba, nilishika mfuko na kurudi nyuma hatua moja. Nilijiona mjanja sana.

Pete ya uchumba hatukwenda kuinunua dukani. Mchumba wangu alikuwa na mkufu wa dhahabu ulioachwa na baba yake. Marehemu alimvisha mkewe, akasema utunzwe mpaka binti aposwe, ndipo ugeuzwe pete. Alifariki kwa maradhi, mkewe akiwa kando ya kitanda na mkufu shingoni. Mchumba wangu hakubaki na kitu kingine cha baba yake. Vyote viliteketea katika nyumba waliyoikimbia kabla ya kuhamia Mutanga Nord. Mama yake alipotukabidhi mkufu alitutajia sonara mmoja tu, mzee wa Kiislamu wa Buyenzi, akasisitiza twende kwake, si kwa mwingine. Nilidhani ni mazoea ya wazee.

Karakana ya yule mzee ilikuwa chumba chembamba kilichobanwa na gereji mbili. Aliupokea mkufu, akauzungusha vidoleni, akaangalia kishikizo chake. Hakuusugua kwenye jiwe la kupimia dhahabu, hakuudondoshea tindikali, hata mizani hakuigusa. Hilo lilinishangaza.

"Muache mukufu hapa," alisema. "Murudi siku ya posho, ile Jumamosi. Kazi ya mukono nitawapunguzia nusu."

Sikuwa nimeomba kitu. Nikarudi nyuma hatua yangu moja.

"Apana, mzee. Tutalipa bei yote. Ila utauyeyusha hapa, mi niko naangalia."

"Iko na moshi mubaya, kijana. Basi mulipe robo."

"Tutalipa yote."

"Basi musilipe kitu. Mama yake ni mutu wangu wa zamani. Munipe siku mbili tu."

Sijawahi kubishana hivyo maishani, muuzaji anashusha, mnunuzi anapandisha. Nilichanganyikiwa, na mimi nikichanganyikiwa huwa mkali. Mchumba wangu alinivuta shati.

"We, muache. Mama anamuamini."

"Ndiyo maana," nikamjibu, ingawa sikujua nina maana gani.

Mzee alimtazama binti kwa muda mrefu. Kisha akainama chini ya meza kuchukua makaa, akawasha moto, akautia mkufu katika kibakuli cha udongo, akaanza kupuliza kwa bomba. Nilingoja rangi ya njano. Lilitoka donge jekundu lenye ukoko mweusi.

Mchumba wangu aliliangalia. "Baba yangu alimupa mama shaba?" aliuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza saa.

Swali hilo lilinichoma. Mtu hana kaburi la kutembelea kwa sababu ya vituo vya askari barabarani, hana picha, ana mkufu tu, na sasa hata mkufu hana. Nikamgeukia mzee nikapiga kelele. Ameubadilisha, nilisema, alipoinama kuchukua makaa. Ndiyo sababu alitaka tumwachie, ndiyo sababu bei ilikuwa ikishuka. Mafundi wa gereji wakaingia na mikono yao ya grisi, wakajaa mlangoni.

Mzee aliweka chini bomba lake. Alinitazama mimi, akamtazama binti, ambaye machozi yalikuwa yameanza kumtoka.

"Ni kweli," akasema. "Baba yako alitoa zahabu. Ni mi nimebadilisha. Munisamehe."

Akafungua kisanduku kwa ufunguo, akatoa kipande cha dhahabu, akakisugua kwenye jiwe, akakidondoshea tindikali mbele ya watu wote, akafua pete pale pale. Hatukulipa. Nilitoka kifua mbele. Jambo moja tu lilinitatiza njiani: mwizi yule hakutetemeka mikono, na binti alipofuta machozi niliona uso wa mzee ukilegea, kama aliyetua mzigo.

Nyumbani kwao mchumba wangu alisimulia yote, na mimi nikiongezea pale aliposahau kunisifu. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, akatoka nje. Kwetu mama mkwe na mkwe hawakai wawili peke yao, lakini jioni ile aliniita nyuma ya nyumba, penye kamba ya nguo.

"Mukufu wa kweli niliuuza mi," alisema huku akianua mashuka. "Mume wangu alikuwa mu hospitali na dawa zilikuwa za kununua. Kila asubuhi alikuwa anaangalia shingo yangu. Nikaomba yule mzee anitengenezee ingine ya shaba, apake zahabu juu, zifanane."

Walikuwa wamepatana yeye na sonara: mzee aipokee shaba, atoe pete ya dhahabu yake mwenyewe, mama alipe kidogo kidogo, binti asijue kamwe. Kilichohitajika ni mimi kukubali bei niliyopewa.

"Usimwambie," alisema. "Anajua baba yake alimuachia kitu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Sikujua nipige magoti au nimsaidie kukunja mashuka. Nilikunja mashuka.

Asubuhi nilikwenda Buyenzi. Fundi mmoja wa gereji alinionesha kwa wenzake: ndiye huyu aliyemkamata mzee. Ndani hapakuwa na mteja. Nilimwomba mzee msamaha, nikamwambia natoka sasa hivi kuwaambia watu ukweli.

"Utawaambia nini? Bibi wa huyo fundi anauza mboga kule Mutanga. Saa sita haijafika binti atakuwa amesikia."

"Sasa nifanye nini, mzee?"

"Sijui," alisema. "Na mi sijui." Akanimiminia chai ya tangawizi.

Niliinywa, nikaondoka. Niliporudi kumsalimia, miezi michache baadaye, alikuwa akitengeneza saa na miwani. Dhahabu watu walikuwa wakiipeleka mtaa wa pili.

Mzee amekwisha kufariki, na mama mkwe pia. Hata ninapoandika haya sijui kama mke wangu nitamwonesha. Kila binti wa ukoo wetu akiposwa, mke wangu humketisha, humvulia pete aishike, humwambia akimbie bei inayoshuka yenyewe. Kisha humsimulia habari za yule mwizi wa Buyenzi. Akifika mahali mzee alipoungama, ananigeukia, maana anapenda sehemu hiyo niieleze mimi. Naieleza.