Chupa Nane za Mayai ya Ngege

Kazi yangu ya kwanza ya kueleweka ilikuwa kufungua samaki midomo. Nilipomwambia mama yangu hivyo kwa simu alicheka mpaka akakohoa, kisha akauliza kama nimekula.

Nilikuwa nimetoka Manyatta, Kisumu, ambako nilikulia katika vyumba viwili vyenye watu saba na redio moja. Shule niliiacha kidato cha pili. Asembo Bay nilifika na begi, mswaki na ndoto, na ndoto ndizo zilikuwa nyingi. Nitakuwa mtu wa samaki, niliwaza. Nitakuwa na vizimba vyangu vya kufugia samaki ziwani na mashua ya rangi ya kijani, na watu wakiiona kwa mbali watasema, yule anakuja.

Aliyeniajiri alikuwa mama aliyeuza samaki ufuoni miaka mingi, mpaka samaki wenyewe wakapungua, akaamua kuwazalisha. Kila mtu alimwita Mama, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa na mabwawa matatu karibu na ziwa, na banda la mabati. Ndani ya banda, ukutani, kulikuwa na chupa nane za soda, zile kubwa za lita mbili, zimekatwa matako na kupinduliwa. Maji yalishuka kutoka tangi la juu kwa paipu nyembamba, yakaingia chini kabisa mwa kila chupa, na mayai yakawa yanapanda na kushuka humo bila kupumzika.

Hivyo ndivyo yalivyozoea. Ngege, samaki wa ziwa letu, haachi mayai yake. Anayaokota kwa mdomo, anayabeba humo, anayageuzageuza yapate hewa, na siku zote hizo hali kitu. Kila Jumatatu tuliingia bwawani na wavu. Nilimshika jike mmoja mmoja, nikamfungua mdomo kwa kidole kidogo, nikamsuuza juu ya beseni, na mayai yakamwagika, ya manjano, makubwa kidogo kuliko mtama. Kila mmoja nilimwambia pole. Mama alinisikia.

"Unaongea na nani?"

"Na huyu. Amekaa na njaa siku zote hizi, halafu sisi tunamnyang'anya."

"Nyathina," akasema, yaani mtoto wangu, "huyu nikimrudisha bwawani anakula leo leo. Wewe ndiye utakonda, ukiwaomba wote msamaha."

Jioni Mama alirudi kwake, mwendo wa nusu saa, nami nikabaki katika chumba kilichoshikana na banda. Majirani walikuwa watu wazuri. Walinisalimu, walinipa viazi. Lakini hadithi zao zilikuwa za Kiluo kirefu, na Kiluo changu ni cha kununulia nyanya. Kwetu tunaongea Kiswahili. Marehemu baba watu wake walikuwa wa pwani. Majirani wakifika penye utani wote wakacheka, mimi nikacheka nyuma yao, kama mtu anayeitikia dua asiyoijua. Baadaye nikaacha kwenda. Nilikaa na chupa zangu. Zilikuwa na sauti ndogo ya maji, na ukiizoea ni kama kuna mtu chumba cha pili anaosha vyombo.

Sheria ya chupa ilikuwa moja: mayai ya umri tofauti hayachanganywi. Ya manjano peke yake, yaliyotoka macho meusi peke yake, yanayokaribia kuanguliwa peke yake. Mama alinionyesha mara tatu. Nilielewa. Sitasema sikuelewa.

Wiki ya tano tulimpata jike mdogo sana, pengine mara yake ya kwanza kuzaa. Mayai yake hayakujaza kijiko, na yalikuwa tayari na macho. Niliyaweka kwenye chupa ya nane. Chupa zile nyingine zilijaa mayai yanayozunguka pamoja, na hii ilikuwa na vijiyai hivyo vichache, vinapanda, vinashuka, chupa nzima tupu. Nikavitazama siku mbili. Siku ya tatu nikaviokota kwa kikombe nikavimimina chupa ya saba, vipate wenzao.

Vilianguliwa kabla ya wenzao. Maganda yakabaki kati ya mayai ya manjano, yakaoza, na ukungu mweupe kama pamba ukarukia yai moja, kumi, chupa nzima. Nilipotaka kuutoa nikatumia kikombe kile kile kwenye chupa ya sita, na ya tano. Kufikia Jumapili tulikuwa tumemwaga chupa tatu.

Mama alisimama na ndoo mkononi. "Hebu niambie tu. Kwa nini?"

"Yalikuwa peke yake, Mama."

Alinitazama. "Yalikuambia yanataka wageni?"

Niliitazama ndoo.

"Sikiliza. Kuzaa, hawa samaki wanazaa. Ziwa lingejaa. Shida ni hizi wiki mbili za kwanza, ndizo zinawamaliza. Hapo ndipo nilikuweka wewe." Akaweka ndoo chini. "Kundi linalokuja likikufia, utarudi kwa mama yako. Si hasira. Siwezi kukaa na mtu ambaye samaki wanamfia mkononi."

Mtu mpweke angefurahi kurudishwa kwao. Mimi jasho lilinitoka. Kule Manyatta nilikuwa nimeshamwambia kila mtu kuhusu mashua ya kijani.

Jumatatu tukajaza chupa zote nane. Alhamisi Mama akaenda matanga Katito, alfajiri, akasema atarudi jioni. Saa nne asubuhi stima ikapotea. Bila stima pampu haipandishi maji. Tangi lilikuwa na maji ya kama saa moja. Niliyaangalia yakishuka, na sauti katika chupa ikashuka nayo, hadi yakakatika. Mayai yakatua chini, yamelaliana, kimya. Sikuwahi kusikia banda lile likiwa kimya.

Nilipiga simu ya Mama, haipatikani. Nikachota maji ziwani kwa ndoo, nikamimina kwa kikombe kutoka juu, lakini kwa juu mayai hayageuki, yanatikisika tu na kulala tena. Ndipo nikachomoa paipu ya chupa ya kwanza kutoka tangini, nikaitia mdomoni, nikapuliza. Mapovu yakapanda, na mayai yote yakainuka nayo. Nikapuliza tena. Nikahamia ya pili, ya tatu, hadi ya nane, nikarudi ya kwanza. Kila mzunguko wa tano niliongeza maji mapya.

Saa saba nilikuwa naona nyota mchana. Kulikuwa na mkate juu ya meza na sikuufikia. Saa nane simu ikaita. Ilikuwa mama yangu. Nilikuwa nimeingoja simu hiyo tangu Jumapili, maana yeye ndiye huongea nami Kiswahili cha kwetu, ananiambia nani amegombana na nani kwenye foleni ya maji. Nilikuwa chupa ya sita. Nikaitazama simu ikitetemeka mezani, paipu mdomoni, nikawa napuliza na machozi yananitoka, sijui kwa pumzi au kwa nini. Ikanyamaza. Ikaita tena. Ikanyamaza. Sasa hivi mtu angeniambia dakika moja isingeua yai hata moja. Siku ile hakukuwa na mtu wa kuniambia.

Stima ilirudi jua likielekea kuzama. Mama alinikuta nimekaa sakafuni, midomo imevimba kama nimeumwa na nyuki.

"Ni nini imekupata?"

Nikaonyesha paipu. Akaitazama, akatazama chupa, akatazama ule mkate mzima mezani. Akachukua unyoya wa kuku, ule wa kuokotea mayai mabovu, akaanza chupa ya kwanza. Nilihesabu naye kimoyomoyo yale meupe, yaliyokufa: manne, mawili, hakuna, sita. Alipomaliza ya nane aliuosha unyoya, akaukausha kwenye kanga yake.

"Kula," akasema.

Nilimpigia mama yangu kesho yake. Aliniuliza nilikuwa wapi, nikamwambia kazini. Akasema alitaka tu kunisikia, kisha sauti ikakatika, laini mbaya.

Vifaranga walianguliwa, wakabeba vitumbo vyao vya kiini cha yai, wakavimaliza, wakaanza kuogelea. Tukawahamishia kwenye vyandarua vya bwawani. Kila asubuhi nilipiga ukingo mara mbili kabla ya kuwapa chakula, na wakajua, wakaja kama mvua juu ya maji. Miezi miwili na kitu wakawa urefu wa kidole. Wenye vizimba wakaja na mifuko ya plastiki na mtungi wa hewa.

"Ndiyo huyu?" mmoja akamwuliza Mama, akinichekea. "Ndiyo huyu alinyonyesha samaki kwa mdomo?"

"Ndiyo mama yao," Mama akajibu. "Msalimieni."

"Mama Ngege, oyawore! Watoto wako tutawalisha vizuri, usilie."

Nikacheka nao, safari hii kwa wakati. Niliwasaidia kubeba mifuko hadi kwenye boti. Ndani ya plastiki samaki walijikusanya upande wangu, au ndivyo nilivyoona. Boti ikaondoka, vijana wanaimba, mpaka injini haikusikika.

"Utabaki," Mama akaniambia tukirudi. "Jumatatu tunaanza tena." Nilikuwa nimelipigania neno hilo miezi miwili. Nikasema asante. Akachukua kikapu chake akaenda kwake.

Ilikuwa Ijumaa. Nikafagia banda, nikaosha chupa zote nane kwa chumvi, nikazirudisha ukutani. Hazikuwa na kitu. Kisha nikafungulia maji, kidogo tu, yakaanza kupanda na kushuka humo ndani, nikakaa karibu nayo kumenya viazi.