Zamu Yangu ya Mtaro

Korona ilinilaza hospitalini siku kumi na moja, nikatoka nimekonda kama ufito. Hilo sikulilalamikia, wengine hawakutoka. Ninacholalamikia, na nitakilalamikia hadi niingie kaburini, ni yaliyonipata baada ya kuambiwa nimepona.

Usingizi ulinikimbia. Miezi mitano sikupata hata lepe kabla ya alfajiri. Nilikunywa maziwa moto, nikaacha chai, nikasali, nikageuza kitanda kikaangalia mlango. Wapi! Halafu ikifika saa tatu asubuhi, jua limeanza kuchoma, usingizi ule ule ulinirudia kwa kishindo, nimesimama na jembe mkononi.

Na jembe lenyewe lilikuwa la mwethya, kikundi chetu cha kulimiana kwa zamu. Huku kwenye miteremko ya Mitaboni mtu hachimbi mitaro peke yake. Tulikuwa wanawake ishirini, Jumatatu na Alhamisi, leo shamba la huyu, kesho la yule, tukichimba mitaro ya fanya juu, udongo tukiutupa upande wa juu ili mvua isiubebe. Kila mmoja alikuwa na zamu yake. Yangu ilikuwa ya saba, wiki mbili kabla ya mvua za Novemba, na mteremko wangu ndio mkali kuliko yote. Mume wangu ni kibarua Mavoko, huja mwisho wa mwezi tu. Bila kikundi, shamba langu lingeishia mtoni.

Filimbi ilipigwa saa kumi na mbili. Aliyefika wa kwanza alipigiwa makofi, maana kwetu kuamka mapema ndiyo afya, ndiyo tabia njema, na sijui kama si ndiyo dini pia. Mimi nilifika wa kwanza kila siku. Ningechelewaje, na sikulala? Wakanipigia makofi, wajinga wale! Mwenyekiti wetu, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde, akasema, "Mnaona huyu? Amepona kabisa. Ako hapa kabla ya jogoo."

Saa tatu nikalala ndani ya mtaro. Mwenyekiti aliniamsha kwa mpini wa jembe mbavuni.

"Mwaitu, sijalala tangu juzi," nilimwambia. Ndivyo tunavyomwita mama kwa heshima, na heshima nilikuwa nayo bado.

"Kama hulali, mbona saa hii unalala?"

Wakacheka wote kumi na tisa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, husemwa, lakini mimi nilikuwa maiti mwenye mdomo, na niliutumia. Niliwaeleza siku hiyo, nikawaeleza Alhamisi, nikawaeleza Jumatatu iliyofuata, hadi wakachoka kunisikia wakataka barua ya daktari.

Nikaenda. Daktari akasikiliza mapafu, akapima damu, nikamweleza habari za usingizi, akaniambia nipunguze mawazo. Kisha akaandika: amepona, anaweza kufanya kazi. Karatasi ile niliibeba mwenyewe, nimeikunja vizuri, hadi mkononi mwa mwenyekiti. Hadi leo najichukia kwa jinsi nilivyoikunja.

"Si unaona? Hata daktari amesema uko sawa. Hiyo ni uvivu tu, mwanangu, na uvivu haina dawa."

Wakainua mikono kupiga kura. Zamu yangu ikasukumwa hadi mwisho.

Mvua ikaja mapema, ikanyesha siku tatu. Nilikuwa macho, kama kawaida yangu, nikisikiliza shamba likishuka. Samadi niliyoibeba kwa mgongo ilienda. Mahindi na mbaazi nilizopanda zilienda. Kulipotulia nilikuta mwamba mweupe ambao sikuwahi kujua uko chini ya udongo wetu, nikaketi juu yake nikalia kwa hasira, si kwa huzuni.

Zamu ikafika. Walikuja wote, wanaimba, na wimbo ukawafia mdomoni walipofika ukingoni.

"Pole sana, mwanangu," mwenyekiti alisema, polepole safari hii. "Hatukujua."

"Mlijua," nikamwambia. "Niliwaambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu."

Mmoja akainua jembe, akapiga, likagonga jiwe.